Alichochukua Mtani

Kwa miaka saba Bana Nkandu, yaani Mama Nkandu, alimwibia Tisauke Jere mchana kweupe, na Tisauke alicheka tu. Kila Jumamosi mama yule alikuja kwenye klabu ya zamani ya mgodi, hapo Luanshya, furushi la mitumba kichwani na matusi mdomoni, na kabla ya kuondoka lazima anyakue kitu. Leo kilemba, wiki ijayo sufuria ya chai, siku nyingine jogoo mzima aliyefungwa mguu nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo.

"Nimechukua, mla panya wewe!" alipiga kelele akishafika getini. "Ukikitaka, njoo ukikomboe!"

Tisauke, mwanamke wa miaka hamsini na minne, kocha wa tenisi ambaye watoto wa watu humwogopa kuliko mwalimu mkuu, alimrushia mpira mbovu mgongoni. "Nenda zako, mla tumbili! Na mkia usiutupe, ndio wenye utamu!"

Hakuna aliyeshangaa. Tisauke ni Mngoni wa Chipata na Bana Nkandu ni Mbemba wa Mporokoso. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakawaachia wajukuu utani. Mtani akikutukana, unamtukana zaidi. Akichukua chako, unakikomboa kwa kitu kidogo, mnacheka, yamekwisha. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi, nacho ni kukasirika.

Asije mtu akadhani huo ulikuwa mchezo wa kitoto. Mume wa Tisauke alipofariki, Tisauke alikaa siku tatu macho makavu, hawezi kulia wala kula. Siku ya mazishi Bana Nkandu alikuja akajilaza chini mbele ya jeneza, akatangaza kwamba Mngoni huyu haendi popote mpaka yeye apewe viatu vyake, maana huko aendako panya wanawindwa pekupeku. Watu waliangua kicheko. Tisauke naye alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, yakatoka mchana kutwa. Tangu siku hiyo, kama nyumba yake ingeshika moto, mtu wa kwanza ambaye angemwita ni Bana Nkandu.

Kilichowakutanisha ni mtoto. Bana Nkandu alitandaza nguo zake kando ya uzio wa klabu, na binti yake Nkandu, wa miaka minane, badala ya kulinda mzigo, alikuwa akipiga mpira ukutani kwa kipande cha ubao. Tisauke alisimama nyuma yake akihesabu. Mpira ulirudi mara arobaini na tatu bila kumpita. Na mtoto alitumia mkono wa kushoto.

"Nani kamfundisha huyu?"

"Nani amfundishe? Uvivu ndio umemfundisha!" alisema Bana Nkandu. "Nimemwambia akae na mzigo."

"Nipe huyu mtoto."

"Mchukue, Mngoni. Lakini ukimlisha panya nitajua, nitamnusa mdomo!"

Basi Tisauke akamchukua.

Klabu ilikuwa na viwanja vinne, viwili vimeshaliwa na nyasi. Viwili vilivyobaki Tisauke aliviuguza mwenyewe. Ni viwanja vya udongo wa kichuguu: unaubomoa, unautwanga, unauchekecha, unaumwagilia, kisha unavuta rola la chuma juu yake mpaka mabega yalie. Udongo ule una sifa moja. Mpira ukianguka unaacha alama, na alama haina ndugu. Nkandu akiwa na miaka tisa, kwenye mashindano ya klabu na klabu, mpinzani wake alimpa pointi kwa kudhani mpira umegusa mstari. Nkandu alitembea hadi kwenye alama, akaionyesha kwa ncha ya kiatu. Ilikuwa nje, upana wa kidole kimoja. Alipoteza seti kwa pointi ile, na Tisauke alirudi nyumbani akiimba.

Alimfundisha kila asubuhi kabla ya shule, na kila jioni mpaka mpira usionekane. Alimfundisha kukimbia kwa hatua fupi, kuinama magotini na si kiunoni, kutazama bega la mpinzani badala ya raketi yake. Zaidi ya yote alimfundisha servisi ya pili, ile ya kupandisha mpira kwa kuusugua ili ukidunda uruke kuelekea sikio la mpokeaji. "Ya kwanza unawaonyesha watu," alimwambia. "Ya pili ndiyo itakayokulisha." Walipiga vikapu na vikapu vya mipira iliyokwisha manyoya, na Tisauke akaandika.

Aliandika kwenye daftari nene la jalada gumu, alilolifunga kwa kipande cha kitenge cha bluu chenye picha za samaki. Miaka saba ya mtoto mmoja ilikuwa humo. Kwamba kabla ya mechi ale vitumbua viwili, vitatu vinamlemaza. Kwamba akiogopa anakimbilia kupiga mpira wa juu. Kwamba akishindwa gemu la kwanza usimsemeshe, mwache ajikasirikie. Kurasa za mwisho zilikuwa na ngazi: miaka kumi na mitano, ubingwa wa vijana wa taifa, Lusaka. Kisha mashindano ya vijana Gaborone. Kumi na saba, mashindano madogo ya wanawake, pointi za kwanza za kulipwa. Kumi na tisa, dunia. Na pembeni ya kila ngazi Tisauke alikuwa amechora kiti kidogo.

Kiti hicho ndicho kilichokuwa roho yake. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa wanawake akiwa na miaka kumi na minane, akaalikwa Harare, hakwenda. Walisema msichana hawezi kusafiri peke yake, na kocha wa kike wa kwenda naye hakuna. Jambo likaishia hapo, kwa sentensi moja. Kwa hiyo hakutaka fedha za Nkandu wala sifa za redioni. Alitaka kukaa kwenye kile kiti cha kocha pembeni ya uwanja siku Nkandu atakapocheza kama mchezaji wa kulipwa, ili mtoto akigeuka aone mtu wake.

Mwezi wa tatu wa mwaka Nkandu alipofikisha miaka kumi na mitano, alikuja mwanamume mmoja anayeitwa Akapelwa, mtu mtaratibu wa kabila la Lozi, mwenye viatu vyeupe pe, anayetafuta vipaji kwa ajili ya shule ya tenisi huko Pretoria. Alimsalimu Tisauke kwa heshima zote, akatazama mazoezi saa nzima akiwa amesimama juu ya zege ili viatu visishike udongo, akasema, "Mmefanya kazi, mama. Kazi kweli." Akapiga picha mbili, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata Bana Nkandu aliingia uwanjani kwa mbwembwe. "Mla panya, nimepata mnunuzi! Mtoto namuuza Pretoria!"

"Muuze!" alisema Tisauke. "Watamrudisha wiki hiyohiyo, wakishamwona anakodolea macho matumbili kwenye bustani ya watu!"

"Kocha wake mpya ana viatu vyeupe. Wewe una magaga!"

"Magaga haya ndiyo yaliyomfundisha kukimbia, sokwe wewe!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na utani ule ukanoga, ukawa wa kila Jumamosi. Bana Nkandu alisema keshafunga sanduku. Alisema huko Pretoria wanataka mtoto asiye na kocha mwingine, na yeye kawajibu kwamba kocha hayupo, yupo bibi kizee mmoja tu anayefukuza panya viwanjani. Tisauke alicheka zaidi ya wote.

Ni Nkandu tu ambaye hakucheka. Kila mama yake alipoanza, aliinama kufunga kamba za viatu. Tisauke aliliona hilo, maana hakuna alichokosa kukiona kwa mtoto yule, na usiku wa siku moja aliandika kwenye daftari: *Anafunga kamba mara kwa mara. Viatu vimeanza kumbana. Angalia saizi.*

Zilibaki wiki mbili kabla ya mashindano ya Lusaka. Jumamosi hiyo Bana Nkandu hakutukana sana. Alikaa kwenye benchi, akala karanga za Tisauke, akatazama servisi za binti yake. Kisha akainuka ghafla, akanyakua daftari lililokuwa juu ya kikapu cha mipira, akakimbia nalo getini.

"Nimechukua!"

Tisauke alijikuta amesimama. "Hilo hapana, Mbemba. Lirudishe."

"Aaah! Jamani njooni muone! Mngoni kakasirika! Kakasirika kwa sababu ya karatasi!"

Watu walianza kucheka, wachezaji, mzee wa lango, hata wapita njia. Tisauke aliona aibu. Mtani hakasiriki. Akakaa chini, akalazimisha kicheko, na kicheko kilipoanza kikawa cha kweli kama kawaida yake.

"Haya, mwizi. Nalikomboa kwa kitu gani?"

"Jogoo!"

"Jumamosi utamkuta hapa. Na ukilipaka mafuta ya tumbili, nitakufuata mpaka Mporokoso!"

Jumamosi jogoo alikuwepo, kafungwa mguu. Bana Nkandu hakuja. Nkandu naye hakuja, na siku mbili zilizotangulia hakuja pia. Ujumbe ulifika kwa simu: mtoto kashikwa na malaria, kapelekwa kwa bibi yake akapumzike, watakutana Lusaka. Tisauke alihangaika, akauliza kama anakula, akaambiwa anakula. Akafunga upya nyuzi za raketi mbili za mtoto, akizivuta kwa mkono wake kwa kipimo anachokipenda Nkandu, akasubiri. Jogoo akawika wiki nzima bila mtu kuja kumchukua.

Alifika Lusaka siku ya fainali za vijana saa tatu asubuhi, kikapu mkononi, raketi mgongoni, kofia yake pana ya majani kichwani. Vitumbua vilikuwa viwili, amevifunga kwa kitambaa visipoe. Kwenye uwanja wa mazoezi alimwona Nkandu. Amevaa nguo nyeupe mpya, hana dalili ya mgonjwa, anapiga mipira na msichana wa Lusaka. Pembeni amekaa Akapelwa. Na kwenye mapaja ya Akapelwa kuna kitenge cha bluu chenye picha za samaki.

Alikuwa analamba kidole na kufungua kurasa.

Tisauke alijiambia kwamba Bana Nkandu kamwazima tu. Alijiambia hivyo akitembea hadi meza ya usajili, na alikuwa bado anajiambia hivyo mama wa mezani alipoinua macho kutoka kwenye orodha yake.

"Kocha wa Nkandu Chilekwa? Keshachukua kadi yake, mama. Ni Ba Akapelwa. Kocha mmoja kwa mchezaji mmoja."

"Huyo mtoto nimemfundisha mimi."

"Sawa, mama. Lakini mzazi kaandika hivi." Akamgeuzia karatasi. Mwandiko ulikuwa wa Bana Nkandu, zile herufi kubwa anazoandikia bei za mashati.

Hapo ndipo alipoelewa, na alielewa yote kwa mpigo: sanduku, viatu vyeupe, bibi kizee wa kufukuza panya. Kila neno alikuwa ameambiwa. Aliambiwa usoni, mbele ya watu, Jumamosi baada ya Jumamosi, na yeye akapiga makofi.

Alimkuta Nkandu kwenye njia ya kwenda chumba cha kubadilishia nguo. Mtoto alipiga goti kidogo na kugonganisha viganja, kama alivyolelewa.

"Ba Kochi."

"Malaria imepona?"

"Imepona, Ba Kochi."

"Viatu vipya. Havikubani?"

"Havinibani."

"Nimekuletea vitumbua."

Nkandu alitazama kikapu, akameza mate. "Ba Akapelwa wanasema nisile vya mafuta." Kisha akainama kufunga kamba, na kamba zilikuwa zimefungwa vizuri kabisa.

Tisauke alikaa na watazamaji, safu ya nne, jua la usoni. Upande wa pili Bana Nkandu alimwona. Mwanamke ambaye hajawahi kuacha kumtukana, hata ndani ya kanisa, aliinua kitenge chake akajifunika kichwa, akageukia jirani yake na kuanza mazungumzo marefu. Hilo lilimuuma Tisauke kuliko ile karatasi.

Mpinzani alikuwa msichana mrefu wa Livingstone. Seti ya kwanza alichukua Nkandu, ya pili alichukua mwenzake. Ya tatu ilianza kuharibika mapema. Tisauke aliona ugonjwa kabla ya mtu yeyote: wamembadilishia urushaji wa mpira kwenye servisi, wameusogeza mbele ili apige kwa nguvu, na sasa amechoka na mpira unakwenda wavuni. Makosa mawili mfululizo. Tena mawili. Matokeo yakawa mbili kwa tano. Nkandu alitazama kiti cha kocha. Akapelwa, kwa kuwa sheria inakataza kumwelekeza mchezaji, alikuwa amekaza uso kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Ndipo mtoto alipoanza kutafuta kwa macho. Alipita safu moja moja.

Tisauke alijua anatafuta nini. Kwa miaka saba, mechi ilipokuwa ngumu, yeye alivua kofia na kuiweka gotini. Haikuwa ishara ya pigo lolote. Hakuwahi kuvunja sheria hata siku moja. Ilikuwa na maana ya neno moja, nipo. Alishika ukingo wa kofia. Hasira ikamwambia aiache pale ilipo. Mwache ashindwe, mwache amtafute mwenye viatu vyeupe, mwache mama yake aone. Alikuwa na haki hiyo na aliijua. Mkono ukabaki pale juu pointi nzima, Nkandu akapoteza pointi hiyo, akageuka tena, na uso wake ulikuwa ule wa miaka minane mbele ya ukuta.

Tisauke akavua kofia.

Nkandu alipumua. Alidundisha mpira mara tatu, akaurusha juu ya kichwa, kule ulikokuwa zamani, akaupiga servisi ya pili hali ilikuwa ya kwanza. Mpira uliruka kuelekea sikio la yule msichana wa Livingstone. Kuanzia hapo hakuna aliyemzuia. Nne kwa tano, tano kwa tano, saba kwa tano. Uwanja mzima ulisimama.

Mtoto alitupa raketi na kukimbia upande wa Tisauke. Tisauke alisimama, kofia imebanwa kifuani, mguu mmoja umeshashuka ngazi. Nkandu alifika chini ya safu ile, akainua macho, akapunguza mwendo. Halafu akaendelea, akapita, akazunguka kona hadi kwenye kiti cha kocha, akamkumbatia Akapelwa.

Kipaza sauti kililetwa. Mtangazaji wa redio aliuliza nani amemfikisha hapa.

"Mungu, na mama yangu, na Kocha Akapelwa."

"Na huko Luanshya, ulikuwa unafundishwa na nani?"

Sauti ya mtoto ilisikika uwanja mzima. "Huko nilikuwa nachezacheza tu."

Tisauke alikaa. Hakulia. Alifungua kitambaa, akala kitumbua kimoja, kisha cha pili, bila njaa, akitafuna polepole mpaka watu wote wakatoka.

Siku kumi baadaye, mchana, Bana Nkandu alikuja nyumbani kwake. Barabarani gari dogo lilisimama, Akapelwa kwenye usukani, kichwa cha Nkandu kikionekana kiti cha nyuma. Bana Nkandu alipita getini kwa kelele nyingi, jogoo kwapani, bahasha mkononi, daftari la kitenge limebanwa chini ya mkono mwingine.

"Mla panya! Upo? Au umeingia shimoni? Nimekuja kumkomboa mtoto wangu! Ulimchukua mwenyewe, miaka saba iliyopita, kando ya uzio, nani hakukuona? Leo nimeleta jogoo. Haya, mwizi, nirudishie changu!"

Akasimama akingoja, mdomo umeshajiandaa kucheka.

Tisauke alikuwa akichekecha udongo wa kichuguu kwenye karai. Alinawa mikono, akaifuta, akatoka hadi kibarazani na kugonganisha viganja kwa heshima.

"Mwapoleni, mukwai," alisema. "Karibuni. Ingieni ndani, jua ni kali."

Alimsalimu kwa Kibemba cha heshima, kwa wingi, kama mtu anavyomsalimu mkwe, au mgeni wa serikali.

Kicheko cha Bana Nkandu kilikwama. "We Mngoni. Mukwai ndio nini?"

"Kaeni hapa, kiti hiki kina mto. Nimepokea jogoo. Asanteni sana kwa zawadi."

"Si zawadi! Ni wa kukombolea!"

"Tumeshukuru. Mtakunywa chai?"

Akaleta chai, na sukari kwenye bakuli lake, na kijiko kwenye kisosi. Bana Nkandu aliketi kwenye ukingo wa kiti. Alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyopungua. Shule ya Pretoria imemkubali mtoto. Masomo, chakula, daktari wa kumtazama, kila kitu. Lakini kuna fomu. Chama cha tenisi kinataka saini ya kocha aliyemsajili mara ya kwanza, kwamba anamwachia. Bila saini hasafiri, na wanatakiwa mpakani kesho kutwa.

Tisauke alivaa miwani. Alisoma fomu yote, kila mstari. Palikuwa na nafasi ya kuandika sababu za kukataa, mistari minne mitupu, na Bana Nkandu aliiona miwani ikisimama hapo muda mrefu. Kisha Tisauke akasaini, jina lote, akakausha wino kwa pumzi.

"Mwambieni huyo kocha servisi zisizidi sitini kwa siku. Bega la kushoto lina udhaifu tangu utotoni. Hilo sikuliandika, nilikuwa nalitazama kwa macho. Na mpira auache urushwe juu ya kichwa."

"Tisauke."

"Hivyo tu, mukwai."

"Tisauke, nilikuambia! Nilikuambia kila Jumamosi!"

"Mliniambia. Ni kweli."

"Walisema wanataka mtoto asiye na kocha mwingine. Nimesimama sokoni miaka kumi na sita, miguu hii imevimba, ningesema hapana? Nikitaka kuja kukuambia hivi hivi, uso kwa uso, mdomo unakataa. Kwako sina mdomo mwingine, nina huu wa utani tu. Nikasema basi niseme kwa huu, atashtuka, atauliza, nitajibu. Hukuuliza! Ulicheka!" Alikuwa analia sasa, na kamasi, bila kujificha. "Nikachukua daftari nikidhani sasa atakasirika. Ukaketi, ukacheka!"

Tisauke alimsogezea kitambaa. Ndani yake matusi yalikuwepo, mazuri, ya moto, ambayo yangeweza kuwaokoa wote wawili. Angesema neno moja tu la tumbili na wangekumbatiana hapo hapo. Alilitafuta akalikuta, na hakulitoa. Alikumbuka kitenge kilichofunika kichwa pale Lusaka.

"Poleni," alisema. "Chai inapoa."

"Nitukane basi! Nitukane, mama. Sema chochote. Niite sokwe."

"Haifai kumsemesha mgeni hivyo."

Honi ya gari ililia barabarani, mara moja, kwa adabu. Bana Nkandu aliinuka. Aliweka daftari mezani. Tisauke alilipangusa kwa kiganja, akaliweka juu ya kabati bila kulifungua. Akamsindikiza mgeni mpaka kibarazani, hatua mbili nyuma yake, kama inavyotakiwa.

Bana Nkandu alikuwa amefika ngazi ya mwisho alipogeuka ghafla, akarudi mbio ndani, akanyakua kikombe alichonywea, akakimbia nacho hadi getini. Pale aligeuka na kukiinua juu.

"Nimechukua!" alipiga kelele, na sauti ikapasuka katikati. "Nimechukua, mla panya wewe! Njoo ukikomboe!"

Alingoja na mkono juu. Ndani ya gari Nkandu alikuwa ameinama, haonekani.

"Chukueni tu, mukwai," alisema Tisauke kutoka kibarazani. "Ni chenu."

Bana Nkandu aliushusha mkono. Alirudi taratibu, njia yote kutoka getini, akakiweka kikombe kwenye ngazi ya kibaraza, akakigeuza kishikio kielekee nyumba, kisha akaenda zake kwenye gari.